Maswali ya Wasomaji: Tutajuaje Kama Kamba wa Baharini Wanavuliwa Kupita Kiasi?

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zinahusu kamba, na karibu zote zinazunguka swali moja: mtu anaposema kwamba kamba wamepungua au wameongezeka, anasema hivyo kwa ushahidi gani? Tumechagua barua sita. Majibu hayalingani urefu, kwa kuwa maswali yenyewe hayalingani uzito.

Mimi ni katibu wa chama cha wavuvi. Msimu uliopita boti zetu zilileta kamba wengi kuliko msimu uliotangulia, lakini watafiti wanapendekeza msimu ujao ufupishwe. Ikiwa mavuno yanapanda, ugonjwa uko wapi?

Ndugu katibu, uzito wa mavuno unatueleza kilichotolewa baharini, ilhali afya ya akiba, yaani kamba wote wanaoishi baharini, inategemea kilichobaki humo, na mambo hayo mawili yanaweza kupishana kwa miaka kadhaa bila mtu kushtuka. Boti zikiongezeka, au boti zilezile zikikaa majini siku nyingi zaidi, mavuno yatapanda hata kama kamba wanapungua. Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza ambalo mtafiti hulitafuta si idadi ya tani zilizoletwa bali juhudi iliyotumika kuzipata, yaani wastani wa kilo kwa kila saa ambayo wavu ulikuwa ukikokotwa. Tuseme mwaka juzi boti ya kawaida ilipata kilo 30 kwa saa na mwaka jana ikapata kilo 22, huku saa za kukokota zikiwa zimekaribia kuongezeka maradufu: jumla ya mavuno itaonekana nono, na bado kila saa ya kazi inaleta pungufu kwa zaidi ya robo.

Hata kilo kwa saa si kipimo cha kuachiwa peke yake. Saa moja ya kukokota leo hailingani na saa moja ya miaka ishirini iliyopita, kwa kuwa injini zimeongezewa nguvu, boti nyingine zinakokota nyavu mbili au nne kwa wakati mmoja, na vifaa vya setilaiti humrudisha nahodha palepale alipopata kamba jana. Maarifa haya huongeza uwezo wa kuvua kidogo kidogo kila mwaka, na mchambuzi asiyeyaondoa katika hesabu ataona hali iliyotulia mahali ambapo kwa kweli kuna mteremko.

Zaidi ya hayo kuna tabia ya kamba wenyewe. Katika Ghuba ya Carpentaria, kaskazini mwa Australia, kamba aina ya Penaeus merguiensis hujikusanya kwa wingi kiasi cha kutibua tope, na marubani wa ndege ndogo hulitafuta tope hilo kutoka angani kisha wakawaelekeza manahodha. Katika uvuvi wa namna hiyo boti huendelea kujaza nyavu hata pale makundi yanapokuwa yamebaki machache, maana wavu hupima wingi wa kundi lililopatikana wala haupimi bahari nzima. Binafsi, nikisikia kwamba mavuno kwa saa hayajabadilika katika uvuvi wa makundi, huwa sipati faraja yoyote.

Je, watafiti wenu wako sahihi? Siwezi kutoa hukumu bila kuziona takwimu zao, lakini kuna maswali mawili ambayo chama chenu kina haki ya kuwauliza. Waulizeni, kwanza, msimu unapofungwa ni sehemu gani ya majike waliokomaa huwa imebaki, ikilinganishwa na wale ambao wangekuwapo kama uvuvi usingekuwapo kabisa. Nchi nyingi huweka kiwango ambacho akiba haitakiwi kushuka chini yake. Sera ya uvuvi ya serikali kuu ya Australia, kwa mfano, hukichukua kiwango cha asilimia 20 ya wingi wa awali kuwa mpaka wa hatari, na shabaha ya usimamizi huwekwa juu zaidi ya hapo. Pili, waulizeni kasi ya uvuvi ya mwaka huu ikoje ikilinganishwa na kasi ambayo akiba inaweza kuihimili. Maswali haya mawili mara nyingi huchanganywa na kufanywa moja, jambo linalozaa mabishano yasiyo na mwisho. Akiba inaweza kuwa ndogo kwa sababu ya mwaka mbaya ingawa inavuliwa kwa upole, na inaweza pia kuwa bado kubwa huku ikivuliwa kwa kasi isiyohimilika. Kwa maelezo uliyonipa, nadhani watafiti wanahofia hali hiyo ya pili, na hali hiyo kwa kawaida hutokea katika miaka ambayo mavuno yanapendeza.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Wanafunzi wanajua kwamba umri wa samaki husomwa katika vijiwe vya sikioni. Kamba je? Na inawezekanaje kuwahesabu viumbe walio chini ya bahari?

Mwalimu, tuanze na kuhesabu. Meli ya utafiti hukokota wavu wa kipimo kinachojulikana katika vituo vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, pamoja na vile ambavyo hakuna mvuvi angevitamani, kwa mwendo na muda ule ule. Tuseme mwendo ni maili 3 za baharini kwa saa, muda ni nusu saa, na mdomo wa wavu unafunguka mita 15. Wavu huo utakuwa umefagia umbali wa kilomita 2.78 kwa upana wa kilomita 0.015, yaani takribani kilomita 0.042 za mraba. Ikiwa wastani wa mavuno ya vituo vyote ni kilo 5, basi kuna takribani kilo 120 katika kila kilomita ya mraba, na eneo lote likiwa na kilomita za mraba 800 tunapata tani 96.

Tarakimu hiyo inavutia kuliko inavyostahili. Imechukulia kwamba kila kamba aliyekuwa mbele ya wavu alinaswa, ilhali wengine hujizika mchangani wakati wa mchana, wengine huruka juu ya wavu, na wadogo hupenya katika macho yake. Ikiwa nusu yao walikwepa, akiba ni tani 192. Kwa hiyo, wataalamu wengi hawaitegemei tani yenyewe. Wao hurudia kipimo kile kile kila mwaka, katika mwezi ule ule na kwa wavu wa aina ile ile, ili kosa la mwaka huu lifanane na kosa la mwaka jana na mabadiliko yaonekane. Utafiti wa majira ya kiangazi wa kamba wa Ghuba ya Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, ulioanza katika miaka ya 1980, una thamani hasa kwa sababu ya mfululizo wake mrefu.

Kuhusu umri, kamba hukua kwa kujivua gamba, na kila anapojivua hupoteza sehemu ngumu ambazo zingeweza kutunza kumbukumbu ya miaka. Mwaka 2012 watafiti walichapisha taarifa kwamba vikonyo vya macho ya kamba na jamaa zake vina mistari inayoonekana kuongezeka kwa umri, lakini njia hiyo bado haijawa kazi ya kila siku. Kinachofanyika zaidi ni kupima kwa milimita urefu wa gamba linalofunika kichwa na kifua, kwa maelfu ya kamba, kisha kuchora idadi yao kwa kila urefu. Waliozaliwa pamoja hujitokeza kama kilima kimoja katika mchoro, na mwezi unaofuata kilima hicho huwa kimesogea upande wa wakubwa. Kusogea kwake kunaeleza kasi ya ukuaji. Kupungua kwa kimo chake kunaeleza kasi ya vifo. Kutoka katika vifo vyote, mtafiti huondoa vile vya asili, yaani kuliwa na samaki, maradhi na uzee, na kinachosalia ndicho hubebeshwa uvuvi. Huu ndio mlango ambao makosa hupenya kwa urahisi zaidi, kwa kuwa vifo vya asili havionekani na mara nyingi hukadiriwa kwa kutumia viumbe wanaofanana.

Kuna aina moja ambayo wanafunzi wako wataipenda. Kamba wa maji baridi wa kaskazini, Pandalus borealis, hukomaa kwanza akiwa dume, kisha hugeuka kuwa jike. Katika Ghuba ya Maine huwa dume akiwa na umri wa takribani miaka miwili na nusu, na jike anapofikia miaka mitatu na nusu hivi. Kwa hiyo nyavu zinazochagua wakubwa huwa zinachagua majike, na tathmini isiyotenganisha jinsia inaweza kuonyesha idadi nzuri ya kamba wakati wazazi wa kike wamekwisha.

Je, tukiwarudisha baharini kamba wote wenye mayai, si tatizo litakuwa limekwisha?

Inategemea aina. Majike wa jamii ya Penaeus, ambao ndio wanaovuliwa zaidi katika bahari za joto, hawabebi mayai nje ya mwili kama kaa. Huyaachia majini kwa laki kadhaa kwa mara moja, na huwezi kumtambua jike aliye tayari kutaga kwa kumtazama haraka juu ya sitaha. Jamii ya Pandalus hubeba mayai machache zaidi chini ya tumbo kwa miezi kadhaa, hivyo kumtambua ni rahisi, lakini kamba aliyekokotwa kutoka kilindini na kubanwa chini ya samaki na tope mara nyingi hana muda mrefu wa kuishi hata akirudishwa. Kufunga maeneo na majira ya kutaga kunafaa zaidi kuliko kuchambua sitahani.

Kamba huishi takribani mwaka mmoja au miwili tu. Tusipowavua watakufa wenyewe. Kwa nini basi msimu usifunguliwe mara tu wanapotoka kwenye mikoko?

Hoja hii husemwa sana na ina ukweli ndani yake, ndiyo maana inastahili kujibiwa kwa hesabu. Chukua kamba 1,000 wenye uzito wa gramu 8 kila mmoja wanapotoka kwenye mikoko na midomo ya mito kuelekea bahari ya wazi. Ukiwavua siku hiyo unapata kilo 8. Tuseme kila mwezi asilimia 20 hufa kwa sababu za asili, na waliobaki wanafikia gramu 12 baada ya mwezi mmoja, 16 baada ya miwili, 19 baada ya mitatu na 21 baada ya minne. Uzito wa kundi zima utakuwa kilo 9.6, kisha 10.2, kisha 9.7, kisha 8.6. Kusubiri miezi miwili kumelipa kwa uzito, tena kamba wakubwa huuzwa kwa bei nzuri zaidi kwa kilo. Kusubiri miezi minne kumerudisha karibu faida yote kwa vifo. Tarakimu hizi ni za mfano tu, lakini umbo lake ni la kweli, na kila aina ina kilele chake. Kazi ya mtathmini ni kukitafuta kilele hicho kwa takwimu za ukuaji na vifo nilizozieleza nilipomjibu mwalimu, kisha kupendekeza tarehe ya kufungua msimu.

Hadi hapo tumezungumzia hasara ya kuwavua wakiwa wadogo. Ipo hasara nyingine nzito zaidi ambayo hoja yako imeiruka, nayo ni kuvua mpaka wazazi wasitoshe kuzaa kizazi kijacho. Kwa kuwa kamba wa bahari za joto huishi muda mfupi, wazazi wa mwaka ujao ni hawa hawa wanaovuliwa sasa. Hakuna majike wazee waliojificha kilindini watakaoziba pengo kama ilivyo kwa baadhi ya samaki. Ni kweli kwamba kila jike hutoa mayai mengi mno na kwamba akiba ya kamba inaweza kuinuka haraka, na kutokana na hilo zamani wataalamu wengi waliamini kwamba kamba hawawezi kumalizwa kizazi kwa uvuvi. Kamba tiga wa Ghuba ya Carpentaria walisaidia kuibomoa imani hiyo. Katika miaka ya 1980 uchambuzi ulionyesha kwamba idadi ya wachanga ilikuwa inashuka kwa sababu wazazi walivuliwa kupita kiasi, na uvuvi uliokuwa na boti takribani 300 mwanzoni mwa miaka hiyo umepunguzwa kwa awamu hadi boti 52. Kwa hiyo, ukiniuliza msimu ufunguliwe lini, nitakuuliza pia utafungwa lini na utawaacha majike wangapi.

Wazee wetu husema kamba huletwa na mvua. Kama ni hivyo, kupunguza uvuvi kunasaidia nini?

Wazee wako wana hoja. Mafuriko ya mito huwasukuma kamba wachanga kutoka kwenye mikoko kwenda baharini, na katika sehemu za Ghuba ya Carpentaria uhusiano kati ya mvua na mavuno ya Penaeus merguiensis ni mkubwa kiasi kwamba mvua imetumika kukadiria mavuno ya msimu unaofuata. Tathmini isiyotazama mvua, joto la maji na hali ya mikoko na nyasi za baharini itamlaumu mvuvi kwa ukame, au itamsifu kwa mafuriko.

Hata hivyo mazingira hayaondoi athari ya uvuvi. Huamua ni kiasi gani cha uvuvi kinavumilika mwaka huo. Ghuba ya Maine ni mfano mzuri, ingawa unasikitisha. Ghuba hiyo iko ukingoni kusini mwa eneo ambalo Pandalus borealis anaweza kuishi, hivyo joto likipanda kidogo tu linamgusa. Mavuno yalifikia kilele cha takribani tani 12,800 mwaka 1969, yakaporomoka katika miaka ya 1970, na mwaka 1978 uvuvi ukafungwa. Baadaye akiba ilijijenga tena. Katika misimu ya 2010 na 2011 mavuno yalizidi kiwango kilichopangwa na msimu ukafungwa kabla ya wakati. Mwaka 2012 likaja wimbi la joto la bahari katika Atlantiki ya kaskazini-magharibi, na baadhi ya watafiti wamelihusisha anguko lililofuata na ngisi walioingia kwa wingi katika maji hayo wakiwala kamba. Uvuvi ulifungwa kuanzia msimu wa 2014, na miaka kumi baadaye ulikuwa bado umefungwa kwa biashara ya kawaida.

Msomaji anaweza kusema kwamba mfano huu unathibitisha hoja yake, kwa kuwa uvuvi ulisimama na kamba hawakurudi. Mimi nausoma kwa namna nyingine. Akiba inayoishi ukingoni mwa mazingira yake haina nafasi ya kubeba mizigo miwili kwa pamoja, na kati ya mizigo hiyo ni mmoja tu unaoweza kupunguzwa kwa uamuzi wa kikao. Pia, vifo vya asili vinapobadilika kutokana na joto na wawindaji wapya, modeli ya kihesabu iliyoundwa kwa takwimu za miaka ya nyuma hutoa majibu yenye uhakika usiokuwepo. Watathmini wa Ghuba ya Maine wametumia, pamoja na modeli, njia ya taa za barabarani: kila kiashiria, kama vile wingi wa majike, idadi ya wachanga na joto la maji, hupewa rangi nyekundu, njano au kijani kwa kulinganishwa na miaka ya rejea. Haina ufundi mkubwa wa kihesabu, lakini mvuvi na waziri huisoma kwa namna moja, na pale ambapo safu nzima ya viashiria ni nyekundu si rahisi mtu kujificha nyuma ya kiashiria kimoja cha kijani.

Mimi ni afisa uvuvi kijana. Hatuna meli ya utafiti wala bajeti ya kuikodi. Nianzie wapi?

Anzia mahali ambapo kamba huteremshwa. Ukiwa na daftari lenye saa za kukokota, eneo, idadi na ukubwa wa nyavu, na kilo za kila aina, tayari unaweza kufanya kazi ambayo watafiti Leslie na Davis waliieleza mwaka 1939 na ambayo haihitaji kompyuta. Weka kilo kwa saa dhidi ya jumla ya mavuno tangu msimu ulipofunguliwa. Ikiwa msimu ulianza kwa kilo 40 kwa saa, na baada ya tani 100 kuvuliwa boti zinapata kilo 20 kwa saa, basi tani 100 zilikuwa takribani nusu ya akiba, na mwanzoni kulikuwa na tani 200 hivi. Njia hii hufanya kazi ikiwa hakuna kamba wapya wengi wanaoingia katikati ya msimu, ikiwa vifo vya asili vimezingatiwa, na ikiwa boti hazikuhamia uwanja mwingine. Kwa kamba wanaokusanyika makundi itakupa picha nzuri kuliko hali halisi, kwa sababu niliyomweleza katibu.

Faida yake kubwa ni kwamba jibu hupatikana msimu ukiwa bado unaendelea. Uvuvi wa kamba wa kaskazini mwa Australia hutumia wazo la karibu na hilo: mavuno ya wastani ya boti kwa siku yakishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, msimu wa Penaeus merguiensis huweza kufungwa mapema. Kiwango hicho hukubaliwa kabla ya boti ya kwanza kutoka, na ningekushauri ufanye hivyo hivyo na vyama vya wavuvi wako, kwa sababu kiwango kinachotafutwa wakati mavuno yameshaanza kushuka hakiwezi kupatikana bila ugomvi.

Sambamba na daftari, pima urefu wa gamba la kamba wasiopungua mia kadhaa kila mwezi, ukitenganisha majike na madume, na uwapime kabla wanunuzi hawajawachambua kwa ukubwa. Ukipima baada ya uchambuzi utakuwa unapima soko. Omba pia kibali cha kukokota wavu mara chache kabla ya msimu kufunguliwa, kwa boti ya mvuvi mmoja anayeaminika, katika vituo vilevile kila mwaka. Na katika daftari usiache kuandika safari zilizorudi bila kamba. Makarani wengi huziruka kwa kuwa hakuna kilichopimwa, na zikirukwa wastani wa mavuno kwa saa hubaki juu wakati bahari inaishiwa.